Huduma ya Kutafuta Wosia Mjini Kisumu: Walichonitafutia na Walichokiacha

Huduma ninayoitathmini hapa inatolewa na ofisi ya mawakili wawili iliyo ghorofani katikati ya mji wa Kisumu, hatua chache kutoka Oginga Odinga Street, nayo inatangazwa kwa bango dogo lililobandikwa mlangoni: wanatafuta wosia wa marehemu na kumjulisha mteja kama ametajwa ndani yake. Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko juu yake, na ninachotaka kupima ni huduma yenyewe kuliko watu wanaoitoa. Kazi waliyonifanyia ilikuwa ya haki, na bei yake haikuwa ya kumkamua mfiwa. Hata hivyo, swali wanalouza jibu lake, yaani kama mtu ametajwa katika wosia, ni dogo kuliko maswali mengine ambayo jamaa wa marehemu anapaswa kuyauliza, na mteja asiyejua hayo anaweza kuondoka pale na jibu sahihi kabisa lisilomfaa kitu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alizaliwa upande wa Luanda katika kaunti ya Vihiga, akafundisha katika shule za msingi za Nakuru mpaka alipostaafu, akajenga vyumba vya kupangisha kwenye ploti yake upande wa Lanet, na akafia huko huko. Hakuolewa wala hakujaliwa mtoto. Kwa miaka mingi alizoea kuniambia, tukiwa jikoni au tukirudi sokoni, "Wewe nimeshakuandika," nami sikuwahi kumwuliza aliniandika wapi, kwa kuwa kwetu mtoto hamhoji mkubwa juu ya mauti yake. Baada ya mazishi, katika kikao cha ukoo ambapo madeni ya marehemu hutajwa na wadai hujitokeza, binamu yangu mmoja alisema kwamba kuna karatasi kwa wakili fulani wa Nakuru. Hakuna aliyekuwa ameiona. Baba mdogo alinyamaza, na kunyamaza kwa baba mdogo mbele ya kikao si jambo la kawaida.

Anayempokea mteja katika ofisi ile ni karani, mama wa makamo ambaye, kwa maoni yangu, ndiye anayeibeba ofisi nzima. Alinipa pole kabla ya kuuliza lolote, kisha akataka nakala ya cheti cha kifo, kitambulisho changu, na barua ya chifu inayoonyesha jamaa waliobaki. Barua ya chifu si sharti la kutafuta wosia. Alinieleza kwamba huitaka mapema kwa sababu itahitajika mahakamani baadaye, na kwa sababu humwonyesha wakili ni nani mwingine katika familia anayeweza kuwa ameshaanza kufuatilia mirathi. Bei iliandikwa waziwazi: shilingi 12,000 kwa kupekua Gazeti Rasmi la Serikali, kuulizia katika masjala za mahakama na katika ofisi ya Mdhamini wa Umma, na kumwandikia wakili yeyote ambaye mteja anamtaja. Kilichokosekana kwenye karatasi hiyo nitakieleza mahali pake.

Jambo la kwanza walilolifanya vizuri ni la majina. Shangazi alikuwa na jina la ubatizo, jina la kuzaliwa alilorithishwa kutoka kwa bibi yake, na jina la babu alilolitumia kazini, na tahajia zake hazikulingana: kitambulisho kiliandikwa kwa namna moja, hatimiliki ya ploti kwa namna nyingine, na cheti cha kifo kikaacha jina moja kabisa. Kwa watu wa magharibi hili halishangazi, maana "kh" ya mwenyewe huweza kuwa "k" kwenye meza ya afisa mmoja na "h" kwenye meza ya mwingine. Karani aliandika namna zote tulizoweza kuzifikiria na akasisitiza kwamba upekuzi ufanywe kwa kila moja. Anayetafuta kwa jina moja tu huambiwa hakuna kitu, naye huamini.

Bango la mlangoni, kwa upande wake, linampotosha msomaji, kwa kuwa linamfanya adhani kwamba mahali fulani pana daftari la taifa ambamo kila wosia umeorodheshwa na kwamba ofisi hii ina ufunguo wake. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haimlazimishi mtu kusajili wosia wake popote. Inachodai kwa wosia ulioandikwa ni kwamba mwenye wosia atie sahihi au alama yake, na kwamba mashahidi wawili au zaidi wathibitishe kwa sahihi zao. Baada ya hapo karatasi inaweza kukaa kwa wakili, benki, kwa kasisi, chini ya godoro, au kwa Mdhamini wa Umma, ambaye ofisi yake iko chini ya Mwanasheria Mkuu na hupokea wosia kwa hifadhi. Wakili mkubwa alinieleza haya yote bila kuficha nilipomwuliza, ila bango limebaki vile vile, na nadhani anajua kwa nini.

Sehemu ya huduma ambayo msomaji anaweza kuifanya mwenyewe bila kulipa hata senti ni ile ya Gazeti Rasmi, na ningependa niieleze kwa urefu kidogo kwa sababu wengi wanailipia. Mahakama haiwezi kutoa hati kamili ya kusimamia mirathi kabla ya ombi kutangazwa na kabla ya kupita kipindi cha siku zisizopungua 30 cha kupokea pingamizi. Gazeti Rasmi, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa, ndimo matangazo hayo yanamochapishwa, na matoleo yake, ya sasa na ya zamani hadi enzi za ukoloni, yanasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tangazo la mirathi hutaja mahakama, namba ya kesi, jina la marehemu na mahali alipokuwa akiishi, mahali na tarehe aliyofariki, pamoja na jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu.

Kinachostahili kusomwa kwa makini zaidi ni aina ya hati inayoombwa. Tangazo likisema kwamba inaombwa hati ya kuthibitisha wosia, basi wosia umeshafikishwa mahakamani, kwa kuwa karatasi yake halisi huambatanishwa na ombi. Likisema kwamba zinaombwa barua za usimamizi wa mali ya mtu aliyekufa bila wosia, basi mwombaji ameiambia mahakama kwamba wosia haupo, na wewe uliyesikia kwamba upo unapaswa kusema kabla ya zile siku kwisha. Majina ya wanaorithi hayamo kabisa, kwa hiyo hakuna anayeweza kujua kwa Gazeti Rasmi peke yake kama ametajwa. Ofisi ilipekua matoleo yote yaliyotoka tangu kifo cha shangazi, ikaniandikia kwamba hakuna tangazo lililopatikana kwa jina lake lolote, na ikaendelea kulisoma gazeti kila wiki hata baada ya ripoti ya kwanza bila kuongeza ada. Hilo sikulitarajia, nami nalisifu.

Upekuzi wa masjala ulikuwa wa kuchosha zaidi, na hapo ndipo mtu anayeishi mbali anapopata thamani ya fedha zake. Kesi ya mirathi si lazima ifunguliwe pale marehemu alipozikwa, na kwa mtu aliyezaliwa Vihiga, akaishi na kufia Nakuru, faili lingeweza kuwa Nakuru, Vihiga, Kakamega au hata Kisumu. Thamani ya mali nayo huamua ngazi: mirathi isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vyao vidogo zaidi, na inayopita hapo huenda Mahakama Kuu. Kesi zilizowasilishwa kwa mtandao hutambulika kwa herufi E iliyo mbele ya namba, na mfumo huo ulienezwa katika mahakama zote nchini mwaka 2024. Mafaili ya kabla ya hapo yanategemea macho na subira ya mtu. Katika masjala moja, ambayo nayo sitaitaja, mjumbe wa ofisi alirudishwa mara kadhaa kwa sababu faili la mtu mwenye jina linalofanana na la shangazi "halionekani", na ilibidi lionekane kwanza ndipo tuhakikishe kwamba si lake.

Kazi iliyostahili fedha zangu kuliko zote ilikuwa barua kwa wakili wa Nakuru. Wakili anayehifadhi wosia hulinda siri ya mteja wake hata baada ya mteja kufa, wala hafungui kabati kwa kila jamaa anayebisha hodi. Mimi, kama ningeandika mwenyewe, ningeuliza kama nimetajwa, na ningejibiwa kwa heshima kwamba jambo hilo ni la siri. Barua ya ofisi haikuuliza hivyo. Iliuliza kama anahifadhi wosia wa marehemu, ni nani aliyeteuliwa kuutekeleza, na kama mteule huyo amejulishwa rasmi kwamba mwenye wosia amefariki. Hayo yote wakili anaweza kuyajibu bila kufunua yaliyomo. Jibu lilikuja baada ya muda wa kuridhisha: wosia upo, na mtekelezaji ni baba mdogo. Ndipo nikaelewa kunyamaza kwake.

Wakili mdogo alikuwa tayari kumwandikia baba mdogo barua siku hiyo hiyo. Karani ndiye aliyemzuia, akaniambia, "Nenda ukamsalimie kwanza, mwanangu. Barua itafuata kama itabidi." Nilikwenda Luanda, tukanywa chai, na baba mdogo akasema mwenyewe kwamba aliogopa maneno ya ndugu zake kwa kuwa aliyepewa ploti si yule waliyemtarajia. Barua haikuandikwa. Lau angekataa, sheria ina njia: mtu mwenye maslahi anaweza kuiomba mahakama imwite mtekelezaji aje akubali au akatae kazi hiyo, anaweza kuomba mwenye karatasi aitwe kuileta na kuithibitisha, na anaweza kuweka ilani ya tahadhari ili ajulishwe ombi lolote la mirathi likiletwa. Ofisi ilinieleza njia hizo kwa utaratibu, gharama ya kila moja ikiwa imetajwa. Pia ilinipa onyo ambalo nililifikisha kwa binamu zangu, kwamba kukusanya kodi ya wapangaji wa marehemu kabla ya mahakama kutoa hati ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kodi ya Lanet ilikuwa imeshaanza kukusanywa. Ilikoma wiki hiyo.

Baba mdogo aliwasilisha ombi Nakuru, tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi, na faili lilipokuwa wazi kusomwa, ofisi ililipa ada ndogo ya kulikagua na kuniletea nakala ya wosia. Sikutajwa.

Ploti na vyumba vyake vilipewa binamu yangu, mtoto wa shangazi mdogo, ambaye kusema kweli ndiye aliyemwuguza. Baba mdogo alipewa ng'ombe waliokuwa Luanda. Vitabu na samani za nyumba zilipewa jirani yake, mwalimu mwenzake wa zamani, na hapa mawakili walionyesha jicho kali, kwa kuwa waligundua mara moja kwamba jirani huyo ni mmoja wa mashahidi wawili waliotia sahihi. Zawadi kwa shahidi, au kwa mume au mke wa shahidi, ni batili isipokuwa wosia umethibitishwa pia na mashahidi wengine wawili walio huru, ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Sisi tulikubaliana jirani aachiwe vitabu vyake kwa ridhaa ya familia, lakini mtu asiyesomewa na wakili asingejua kwamba ridhaa inahitajika.

Ripoti ya mwisho niliyopewa ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na hitimisho lake lilikuwa sentensi moja: mteja hakutajwa katika wosia. Ndiyo huduma niliyoilipia, na ilikuwa imekamilika. Kama ningeikunja karatasi ile na kupanda matatu, ningeishi nikiamini kwamba sina langu katika mali ya shangazi.

Kumbe wosia ule uligusa ploti, ng'ombe, vitabu na samani tu. Haukusema neno juu ya hisa alizonunua zamani wala juu ya akiba yake ya benki. Sheria ya Urithi inasema kwamba mtu huhesabiwa amekufa bila wosia kwa mali yote ambayo hakuiwekea wosia unaoweza kutekelezwa, na kwa hiyo hisa na akiba hizo zilikwenda kwa utaratibu wa asiye na wosia. Kwa marehemu asiyeacha mwenzi wala mtoto, na ambaye wazazi wake wameshatangulia, mali hiyo huwaendea ndugu zake, na watoto wa ndugu waliokufa. Baba yangu ni ndugu aliyekufa. Mimi na wadogo zangu tulikuwa na fungu pasipo kutajwa na mtu yeyote popote.

Hayo sikuyasoma katika ripoti. Niliyapata kwa sababu niliuliza, nikiwa nimeshasimama kuondoka, hisa za shangazi zinakwenda wapi. Wakili mdogo alinieleza vizuri sana, kwa subira, hata akanichorea mti wa ukoo wetu kwenye karatasi. Nilipomwuliza kwa nini jambo lenye uzito namna hiyo halikuwekwa katika ripoti, alijibu kwamba nililipia kutafuta wosia. Ni jibu la kweli, na ndilo lalamiko langu kubwa. Anayemwendea daktari wa macho akiwa na jeraha kichwani hatarajii kuambiwa kwamba macho yake ni mazima na kuagwa. Ofisi yenye mawakili wanaoijua sheria hii kwa kiwango kile haiwezi kujificha nyuma ya maneno ya bango lake. Sentensi mbili za ziada zingetosha: mali gani wosia umeiacha nje, na nani anairithi.

La SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, nalo lilipatikana kwa bahati, na tena kwa karani. Alipokuwa akinirudishia nakala zangu aliuliza kama shangazi, akiwa mwalimu, hakuwa mwanachama wa SACCO. Alikuwa mwanachama kwa miaka mingi. Akiba ya SACCO hulipwa kwa mtu ambaye mwanachama alimwandika kwenye fomu ya mteule, na mafao ya mifuko ya kustaafu inayosimamiwa na sheria ya mafao ya kustaafu hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi, bali hulipwa na wadhamini wa mfuko kwa kanuni zake. Fedha hizo hazisubiri wosia wala mahakama. Nilikwenda na cheti cha kifo na kitambulisho, afisa akafungua faili, na kwenye fomu yenye mwandiko wa shangazi mwenyewe jina langu lilikuwepo, tahajia na yote. Aliposema kwamba ameniandika, alikuwa akisema kweli. Nashauri kila anayesikia kauli ya namna hiyo kutoka kwa mzee wake aanze na SACCO, bima na mfuko wa kustaafu kabla ya kulipia utafutaji wa wosia, kisha aangalie bure, kwa jina na namba ya kitambulisho ya marehemu, kama kuna fedha zilizokwisha kupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa.

Wako wateja ambao swali lao ni tofauti na langu, na baadhi yao niliwasikia wakihudumiwa nilipokuwa nikingoja. Kijana mmoja alidai kwamba babu yake alimwachia shamba kwa mdomo. Aliulizwa maswali mawili tu: walikuwepo mashahidi wangapi, na babu alifariki muda gani baada ya kusema. Wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wawili au zaidi, na mwenye wosia awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu kuusema. Babu yake alikuwa ameishi miaka kadhaa zaidi. Hakuchukuliwa hata shilingi. Mzee mmoja Mwislamu alielekezwa kwa adabu kwenye mahakama ya Kadhi, baada ya kukumbushwa jambo analolijua, kwamba wasia katika Uislamu hauvuki theluthi moja ya mali na hauwi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wenzake. Kwa kuwarudisha wateja ambao wangeweza kuwatoza, ofisi ilipata heshima yangu.

Kwa mke, mume au mtoto wa marehemu aliyeachwa nje ya wosia, jambo ni zito zaidi kuliko langu, na sharti lijulikane mapema. Mahakama inaweza kuamuru mtegemezi apewe fungu la kutosha hata kama wosia umemruka, na watoto wanahesabiwa wategemezi iwe walikuwa wakilelewa na marehemu kabla ya kifo au la. Mpwa kama mimi hayumo katika orodha hiyo, ila mtoto ambaye marehemu alimchukua nyumbani kama wake na alikuwa akimtunza hadi kifo anaweza kuwemo. Ombi hilo haliwezi kuletwa baada ya hati ya mirathi kuthibitishwa, yaani mahakama ikishaidhinisha mgawanyo wa mali, na uthibitisho huo huombwa miezi sita ikishapita tangu hati kutolewa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kujua kama kesi imefunguliwa, na imefika hatua gani, kunamfaa mtu kuliko kujua kama jina lake limo.

Malalamiko yangu yaliyosalia ni madogo lakini yanakera. Karatasi ya bei haikueleza kwamba kila barua inayofuata ile ya kwanza kwa wakili hutozwa peke yake, na ada za mahakama zililetwa kwangu kwa ujumbe wa simu bila mchanganuo mpaka nilipoudai. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza cha kimahakama pekee, hali ambayo ilimlazimu mama yangu, mwenye haki ya kujua yaliyompata wifi yake, kungoja nimsimulie. Ofisi inayowahudumia watu wa Ahero, Maseno na Luanda ingeweza kuandika muhtasari wa Kiswahili bila gharama ya kutajika. Simu zao za ofisi hazipokelewi saa ya chakula cha mchana.

Naongeza tahadhari moja isiyoihusu ofisi hii. Baada ya jina la shangazi kutoka katika Gazeti Rasmi nilipata barua pepe kutoka kwa mtu aliyejiita wakili wa ng'ambo, akinijulisha kwamba nimetajwa katika wosia wa jamaa tajiri na kwamba nitume ada ya kufungulia faili. Matangazo ya mirathi husomwa na watu wengi, wakiwemo matapeli. Mtekelezaji wa kweli hamtozi mrithi ada ya kuambiwa kwamba ametajwa, na kesi ya kweli ina namba na mahakama inayoweza kuulizwa.

Ningemshauri atumie huduma hii yule ambaye marehemu wake aliishi kaunti nyingine, aliye na sababu ya kuamini kwamba karatasi iko kwa wakili, au ambaye hawezi kumkabili mtekelezaji uso kwa uso. Ambaye marehemu wake aliishi na kufia alipozaliwa, na familia inazungumza, asome Gazeti Rasmi mwenyewe na aende masjala iliyo karibu. Atakayekwenda ofisini adai kwa maandishi kwamba ripoti ieleze mali isiyoguswa na wosia na warithi wake kisheria, hata kama ataongezewa ada kidogo. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi, na Jumamosi hadi saa sita mchana. Malipo hupokewa kwa M-Pesa, na risiti hutolewa papo hapo. Anayetoka mbali afike asubuhi na abebe kila karatasi yenye jina la marehemu, hata kadi ya kliniki.